Mwaka Nilioyashuku Masikio Yangu

Mwezi uliopita tulisoma khitma ya Bi Ruzuna nyumbani kwa bintiye, Mkunazini. Baada ya dua, sinia za pilau zikiwa zinapita juu ya vichwa vyetu, mwanamke mnene mwenye miwani alijipenyeza mpaka ubavuni mwangu, akakaa, akanishika goti, na bila hata salamu akaniuliza: "Rukia, masikio yako bado mazima?" Nilimjua kwa sauti kabla sijamjua kwa sura. Alikuwa Zuwena, shoga yangu wa ujana, aliyeolewa Maskati akapotelea huko miaka arobaini na kitu. Nilimjibu kwamba ni mazima, tena yanasikia hata magoti yake yakilalamika, tukacheka mpaka mama mmoja akatugeukia kwa jicho la kututia adabu, sisi watu wazima wenye wajukuu. Siku ile nilirudi nyumbani na huzuni ya Bi Ruzuna na kicheko cha Zuwena kwa pamoja, nikaona kwamba ule mwaka wa sitini na saba sasa naweza kuuandika. Mwenye siri ameshatangulia mbele ya haki. Ya wazazi wangu na ukoo wangu siyaandiki hapa, maana hayahusiki, na wenyewe hawapendi kuandikwa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa na cheo. Kikundi chetu cha taarabu kilikuwa cha wanawake kumi na wanne, na Bi Ruzuna ndiye aliyekuwa kiongozi, mtunzi na mwimbaji wetu. Maneno alitunga mwenyewe, lakini muziki, kama walivyofanya wengi siku zile, tuliuchukua kwenye filamu za Kihindi. Sahani ya santuri ya wimbo mpya ilichukua miezi kufika, kama ilifika, na tepu ya kurekodia tuliiona kwenye nyumba za wakubwa tu. Kwa hiyo muziki uliingia kwa sikio ukatoka kwa mdomo, na sikio lenyewe lilikuwa langu. Niliitwa mchukuzi. Nikiitazama filamu mara ya kwanza nilichukua sauti ya mwimbaji. Mara ya pili nilichukua fidla na vipande vinavyopigwa baina ya beti. Kutoka sinema mpaka nyumbani kwa Bi Ruzuna ilikuwa marufuku mtu kusema nami, maana salamu mbili tatu za njiani zilitosha kuumwaga wimbo wote. Zuwena alitangulia kunifungulia njia. Tukikutana na mzee, yeye alitoa shikamoo mbili, yake na yangu, na mimi nilipita kimya nimeinamisha kichwa. Wasiojua kazi yetu walisema mtoto huyu hana adabu, na mmoja alimwuliza Zuwena kwa huruma kama nduguye ni bubu tangu kuzaliwa. Nilikuwa najiona sana, nakiri.

Mjini palikuwa na sinema kubwa na sinema ndogo, na majina yao ya kwenye ubao hayana kazi hapa. Sinema kubwa ilikuwa na viti vya mto, zulia kwenye njia, mapazia mazito kwenye kila mlango, na kuta zilizovikwa kitambaa. Niliyasikia kwa waliokwisha kuingia, nikadhani yote ni mapambo ya kuwapendeza wenye nazo. Sikujua kwamba kitambaa kile kilikuwa kazini, kinameza mwangwi. Sinema ndogo ilikuwa na viti vya mbao, kuta tupu za chokaa, paa la bati, na spika moja iliyosimama kando ya turubai la kuonyeshea picha. Kila neno lililotoka pale lilikwenda likagonga ukuta wa nyuma, likarudi kukutana na neno la pili. Kunguru wakitembea juu ya bati ungeweza kuhesabu hatua zao. Lakini Jumatano alasiri sinema ndogo ilikuwa yetu wanawake peke yetu, ndiyo pekee niliyoruhusiwa, na raha yake sijaipata tena popote. Mabuibui yalikunjwa mapajani, watoto walinyonya, bajia zilipita kutoka safu hadi safu ndani ya karatasi, na palikuwa na bibi mmoja aliyewatafsiria wenzake hadithi nzima kwa kuibuni, maana Kihindi alikuwa hakijui. Mume mkorofi akitokea kwenye turubai alitukanwa na ukumbi mzima. Wimbo ukianza, wenzangu waliwanyamazisha watu wa karibu, na mtoto aliyelia alitolewa nje kwa ajili yangu.

Juzijuzi binti yangu alinipeleka kwenye sinema ya kisasa Dar es Salaam, ndani ya jengo la maduka. Kuna ukumbi wa kawaida na ukumbi wa daraja la juu, akanihimiza tuingie ule wa juu, ati sauti yake inakuzunguka. Ilinizunguka kweli, helikopta ilipita nyuma ya kisogo changu nikainama. Mkwe wangu alinung'unika njia nzima ya kurudi kwamba sauti ni sauti, kumbi zote ni sawa, tofauti ni ya kujidai tu. Sikumjibu, kwa kuwa ni mkwe, lakini tofauti hiyo iliwahi kuninyima raha miezi miwili mizima.

Masika ya mwaka ule nilipata malaria iliyonilaza wiki tatu, nikapewa kwinini. Anayeijua kwinini anajua: homa inaondoka, masikio yanabaki yakivuma. Yangu yalivuma mchana kutwa, mvumo mwembamba usio na mwanzo wala mwisho, na watu wakisema nami niliona midomo kwanza, maneno yakafuata baadaye. Mtaani kwetu alikuwepo Bi Mize, mshonaji wa kofia, aliyeugua homa kama yangu akanywa dawa kama yangu akainuka kiziwi. Kwa kofia alikuwa hana mfano, lakini watu walimsema mbele yake huku wakimtabasamia. Nikiwa kitandani nilimsikia jirani chumba cha pili akisema Mungu amwepushe mtoto huyu asiwe Bi Mize wa pili, na mwenzake akamnyamazisha. Baada ya siku kumi mvumo ulikwisha. Nilishukuru, nikala mkate wa kumimina mzima peke yangu, na Jumatano iliyofuata nikavaa buibui langu nikaenda kazini.

Filamu ilikuwa na wimbo wa harusi ambao wanaume wa mjini walishaanza kuuimba barazani. Bi Ruzuna aliutaka kwa harusi ya mtoto wa dada yake, na maneno alikuwa ameshayatunga kwa kuwasikiliza. Nilichotakiwa ni kumletea muziki wenyewe. Wimbo ulipoanza nilizuia pumzi kama kawaida yangu, na kilichonifikia kilinitia baridi. Mwimbaji aliimba kama mtu mwenye kitambaa mdomoni. Kwenye turubai niliona wapiga fidla wamejipanga na mikono inakwenda, lakini fidla zenyewe nilizisikia kwa mbali tu, na zile za juu sikuzisikia kabisa. Na sauti iliyumba. Ilishuka kidogo, ikapanda, ikashuka tena, kila baada ya pumzi moja, tangu mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Nikageuka kuwatazama wenzangu. Walikuwa wanalia. Zuwena alikuwa akifuta machozi kwa ncha ya buibui, na mwanamke wa mbele yetu alisema wimbo huu mtamu, wa ubavuni mwake akaitikia. Nikajua kwamba ukumbi mzima unausikia wimbo isipokuwa mimi.

Sikumwambia mtu. Nyumbani nilisimama mbele ya saa ya ukutani, nikaziba sikio moja, kisha la pili. Niliisikia ikigonga, halafu nikajiuliza kama naisikia au naikumbuka tu. Nilimpita Bi Mize kibarazani pake, akainua kofia aliyokuwa akiishona kunionyesha nakshi, na mimi nilijikuta nikimtazama masikio badala ya kofia, nikaona haya. Jumatano ya pili nikarudi sinema, wimbo ukayumba vilevile. Ningeweza kuunyoosha kwa kubahatisha, lakini mchukuzi asiyeyaamini masikio yake atasahihisha kwa kipimo gani? Nikaupeleka kama nilivyoupokea. Katika ukumbi wa ghorofani wa Bi Ruzuna, madirisha yakiwa wazi upande wa uchochoroni, chai ya iliki na visheti vikiwa katikati ya mkeka, niliwafundisha wanawake wale wote kuyumba. Waliyumba vizuri sana. Waliupenda ule mtikisiko kupita kiasi, na mmoja wao, ambaye siku zote alijua kila kitu, alisema huo ndio mtindo mpya wa Bombay. Bi Ruzuna alinikazia macho usoni, kama alivyofanya kila tulipoimba, nikadhani ananikagua. Akaniuliza mara moja tu kama ndivyo wimbo ulivyo, nikasema ndivyo.

Ilipobaki wiki mbili kufika harusi, wapigaji wakaja kufanya mazoezi na sisi. Walikuwa wanaume watatu, na mkubwa wao alikuwa Maalim Sururu wa fidla, mtu mpole aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi hata kwa mazoezi. Wao walikaa nje ya pazia, sisi tukakaa ndani. Maalim akaanza kupiga, fidla yake ikipanda juu kwa madaha, na sisi tukaingia kwa mtikisiko wetu. Akasimama. Akaomba radhi, akaanza tena, akasimama tena. Tukamsikia akikohoa nyuma ya pazia.

"Kina mama, nani kakuleteeni muziki huu?" aliuliza. "Mimi nshausikia sinema kubwa mara tatu, na mkanda ni huohuo mmoja, unapelekwa kwa baiskeli kutoka huku kwenda kule. Wimbo hauyumbi hivyo."

Zuwena alikuwa ameinamia kikombe chake kama kuna kitu kimeandikwa ndani. Ningeweza kunyamaza na mimi, lawama ingegawanyika kwa watu kumi na wanne, lakini nilikuwa nimechoka kuogopa peke yangu. Nikasimama nikasema: "Ni mimi, Maalim. Masikio yangu yashakufa tangu ile homa. Nimekuleteeni wimbo mbovu." Kisha nikalia bila kujificha, na mikono ya wanawake sijui wangapi ikanivuta chini, mmoja akisema maskini, mwengine akisoma dua, na kila aliyesema maskini alinipeleka karibu zaidi na baraza la Bi Mize. Bi Ruzuna peke yake hakusogea. Uso wake ulikuwa umepauka kiasi kwamba nilidhani ni hasira. Akaagiza watu wanywe chai waondoke, akanishika mkono akaniingiza chumbani kwake, akafunga mlango.

Chumba kilinukia udi. Nilikuwa sijaingia humo hata siku moja, na mpaka leo nakumbuka kitanda cha besera chenye nguzo nne, kioo kilichoanza kutoka madoa, na viatu vyake vya harusini vilivyopangwa chini ya kabati. Aliniuliza tangu lini, nikamwambia tangu masika.

"Mbona hukunambia?"

"Nliogopa, Bi Ruzuna. Ungetafuta mwengine."

Akakaa kitandani taratibu. "Mwengine yupi, mwanangu? Hakuna mwengine." Akajifuta uso kwa kanga. "Jumamosi n'takwenda na wewe sinema kubwa. Kwenu n'tasema nao mwenyewe. Nnataka nijue kwa yakini, na wewe ujue."

Siku tatu zile zilikuwa ndefu. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa jibu baya, nikaanza hata kuwaza kama vidole vyangu vitaiweza sindano ya kofia. Jumamosi alasiri tulipanda ngazi za sinema kubwa, Bi Ruzuna mbele na mimi nyuma yake, tukakaa safu ya kwanza ya ghorofani. Milango ikafungwa, mapazia yakavutwa, na nikakutana na kitu nilichokuwa sikijui: ukimya wa watu wengi ndani ya nyumba moja. Taa zikazimwa. Moyo ulinipiga nikaona unanizibia hata kile kidogo nilichobakiwa nacho. Kisha, turubai likionyesha mlango mtupu tu, nikasikia njuga za mguuni, cheng cheng, mtu anakuja, na sekunde mbili baadaye mwanamke akatokea mlangoni akiwa amezivaa. Sikuthubutu kuamini. Ikaja mvua, na mvua ya kwenye majani ilikuwa na sauti yake na mvua ya kwenye mawe ilikuwa na yake. Ukaja wimbo. Ulikuwa umenyooka kama uzi wa cherehani. Fidla za juu zilikuwepo, zote, na chini yao kulikuwa na fidla nyingine nzito niliyokuwa sijawahi kujua kama ipo, na kabla ya ubeti wa tatu mwimbaji alivuta pumzi kama binadamu yeyote, nikaisikia. Safu ya nyuma yetu mtu alikuwa akitafuna njugu kwa adabu, moja moja. Hata hizo nilizisikia.

Nilimshika Bi Ruzuna mkono kwa nguvu. Akaniinamia. "Wasikia?"

"Nnasikia."

"Wasikia nini? Nambie kimoja kimoja."

Nikamnong'oneza vyote sikioni, njuga, mvua mbili, fidla za juu, fidla ya chini, pumzi, njugu, na machozi yalinitoka yakafika mpaka ndani ya ukaya wa buibui. Nimepata furaha nyingi tangu hapo, nimeolewa, nimezaa, nimeona wajukuu, lakini kushukiwa na nafuu namna ile, mwili mzima kwa mpigo mmoja, sijapata tena. Filamu iliyobaki sikuielewa hata kidogo. Nilikuwa nasikiliza tu, hata milango ikifungwa kwenye filamu niliiona mizuri.

Tulipotoka, Bi Ruzuna alisimama kwenye kona ya ngazi, mahali palipobandikwa picha za filamu zijazo, akangoja watu wapite wote. Nilidhani magoti yanamsumbua. Akasema, akitazama picha na si mimi: "Hizo fidla za juu ulizonambia. Mimi siksikia hata moja."

Nikamwambia labda ni pale tulipokaa. Akatikisa kichwa. Akasema si pale na si leo, ni tangu uzazi wake wa mwisho. Sauti za chini anazo, maneno ya watu anayapata, lakini sauti za juu zilimwondoka siku moja hazikurudi. "Unadhani kwa nini nlitafuta mchukuzi? Na tukiimba nakutazama nyusi. Fidla ikiingia, wewe unainua nyusi, na mimi naingia." Hapo akanigeukia. "Juzi uliposema masikio yako yamekufa, nlijua na mimi uimbaji wangu ndio mwisho. Alhamdulillahi, mwanangu. Alhamdulillahi." Akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo, na mimi nikacheka naye, tukabaki pale kwenye kona wanawake wawili tukicheka hatujui kunyamaza, mpaka mkata tiketi akachungulia kutoka chini. Kabla ya kushuka akaniomba nisimwambie mtu, na mpaka leo sijamwambia.

Jumatatu Maalim Sururu alikuja na maelezo kutoka kwa mtu anayeijua mashine ya sinema ndogo. Nilipokuwa kitandani na homa, mashine iliharibika ikatengenezwa kwa vilivyopatikana, maana vipuri havikuwa vikija. Sauti ya filamu, alisema, imechorwa pembeni mwa mkanda, na kuna taa ndogo inayoisoma; ile taa ilikuwa imebadilishwa na nyingine hafifu isiyosoma sauti za juu, na gurudumu linalovuta mkanda lilikuwa likisuasua, ndiyo maana wimbo nao ulisuasua. Wenzangu walinikumbatia, wakamlaani fundi wa watu. Nilichojua juzi tu kwenye khitma ni kwamba Zuwena naye aliusikia wimbo ukiyumba, siku ileile ya kwanza. Alisema moyoni kwamba kama una kasoro Rukia angesema, Rukia ndiye mwenye masikio. Kwa hiyo mimi nilikuwa nikimtazama yeye, na yeye alikuwa akinitazama mimi, na mashine iliendelea kusuasua juu ya vichwa vyetu. Nilimwuliza mbona miaka yote hakusema, akajibu kwamba alipopata nafasi ya kusema alikuwa tayari ndani ya ndege ya Maskati.

Kuacha kuyumba kulitushinda kuliko kujifunza. Yule mjuzi wa mtindo wa Bombay hakuweza kabisa, na ikabidi apewe tari akae nyuma. Harusi ilikuwa alasiri, kwenye nyumba yenye ua mkubwa, wanawake wamejaa mpaka ngazini, hina na asumini vinanukia kila upande, na Maalim Sururu na wenzake wako nyuma ya pazia. Bi Ruzuna alitakiwa asimame akimtazama bibi harusi, hivyo asingeweza kuniona. Akaniita nitoke mstarini nisimame ubavuni mwake, watu wakadhani nimepandishwa cheo. Akaushika mkono wangu chini ya mikunjo ya kanga. Ngoma zikaanza, udi wa nyuzi ukafuata, ua ukatulia, na fidla ya Maalim ikaanza kupanda, juu, juu zaidi, mahali ambapo kwake yeye palikuwa kimya. Ilipofika nikamminya mkono. Akaingia palepale, sauti yake imetulia wala haikutafuta njia, na nikasikia vigelegele vikimpokea. Ubeti wa pili nikamminya tena, na wa tatu, na tuliimba namna hiyo miaka minane. Watu walikuwa wakisema yule bibi anampenda sana Rukia, hata akiimba hataki kumwachia mkono.